Kunakili "msichana yatima" wa Delacroix kwa rangi ya mafuta: kitambaa, rangi za ngozi na unyevu wa Mtwara

rula_na_mkaa (Mtwara mjini)

Wakuu, habari za jioni. Nachora sura za watu kwa penseli na mkaa, sasa nataka kuingia kwenye rangi ya mafuta. Njia niliyochagua ni kunakili kazi moja ya zama za ulimbwende (Romanticism) kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha yenyewe ni ile ya mchoraji Mfaransa Delacroix ya msichana yatima makaburini, ya karibu mwaka 1824, iliyoko jumba la makumbusho la Louvre, Paris: macho kayainua juu, mdomo wazi kidogo, bega moja halina nguo, nyuma yake makaburi na anga.

Nimepanga kuinakili nzima kwenye fremu ya sentimita 50 kwa 40. Maswali yangu:

Kanvasi iliyo tayari haipatikani kirahisi huku. Marekani ya dukani (kile kitambaa cha pamba) nikiipaka rangi nyeupe ya ukutani itafaa? Mafuta ya kitani nimeyaona kwenye duka la vifaa vya ujenzi, yale yaliyochemshwa, naweza kuyatumia? Tyubu chache kabisa za kuagiza Dar ni zipi? Ngozi ya huyu binti inachanganywaje? Na huu unyevu wa pwani, hasa mvua zikishaanza, rangi itakauka kweli?

Naomba vipimo, siyo "jaribu utaona".

brashi_pana (Lindi)

Umetaka vipimo, basi nianze na fremu yako. Picha ya asili ni sm 65.5 kwa 54.3. Gawanya: urefu ni mara 1.206 ya upana. 50 kwa 40 ni 1.25. Ukiibana picha iingie humo uso utarefuka kwa zaidi ya asilimia 3, na kwenye sura ya mtu hiyo inatosha kukupa dada yake badala ya yeye mwenyewe. Mwambie seremala 48 kwa 40. Kisha toa printi yenye picha ya sm 24 kwa 20, inaenea kwenye karatasi ya A4. Chora miraba ya sm 2, itakuwa 12 kwenda juu na 10 kwa upana. Kwenye kitambaa miraba hiyohiyo iwe ya sm 4. Hesabu imekwisha, hakuna desimali za kukuchanganya.

Fremu iwe ya mbao kavu, na ukingo wake wa ndani uliolala upande wa kitambaa upigwe randa uinamie nyuma. Kitambaa kiguse ule ukingo wa nje tu. Seremala asiyejua kazi hii atakuletea mbao bapa, na baada ya wiki mbili utaona mstari wa mbao umejichora ndani ya picha, maana brashi inagandamiza kitambaa kwenye kona ya mbao.

Marekani inafaa, ila chagua nzito yenye nyuzi zilizosongamana. Ifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na isinywee baadaye, ikaushe, ipige pasi. Unapoiwamba anza na pini moja katikati ya kila upande, pande zinazotazamana kwanza, ndipo uende kwenye pembe kidogokidogo. Ukianza na pembe utapata mikunjo ambayo haitoki tena.

Sasa rangi ya ukutani. Usiitumie. Ina unga mwingi na gundi kidogo, inanyonya mafuta yote kutoka kwenye rangi utakayoweka juu, na picha inabaki na mabaka yaliyofifia. Mbaya zaidi ni chokaa: ina asili ya alikali, inayageuza mafuta kuwa kama sabuni na rangi inabanduka. Agiza jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa) pamoja na tyubu zako, nusu lita inatosha vitambaa kadhaa vya ukubwa huo. Kwanza paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, gundi 1 kwa maji 3, mikono miwili myembamba, ili mafuta yasifike kwenye nyuzi. Mafuta ya kitani yakizeeka yana tindikali, huozesha pamba. Halafu jeso mikono mitatu, kila mmoja ukikatiza mwelekeo wa uliotangulia, msasa namba 220 katikati.

Kama jeso imeshindikana kabisa, achana na kitambaa, chukua plaiwudi ya milimita 6. Changanya gundi nyeupe 1, maji 1, unga wa chaki 2 hadi 3, chuja kwa kitambaa, paka mikono minne. Mchanganyiko huo ni mgumu na hauvumilii kupinda, ndiyo maana nasema ubao tu. Na paka pande zote mbili pamoja na kingo, vinginevyo unyevu wa hapa utaukunja ubao. Hadibodi ya milimita 3 kwa ukubwa huu lazima ipinde.

Kuhusu mafuta: yale yaliyochemshwa ya dukani yamewekewa chumvi za madini za kuharakisha kukauka, yametengenezwa kwa ajili ya milango na madirisha. Yanageuka manjano haraka na kuwa meusi. Unataka mafuta ya kitani yaliyosafishwa, ya wachoraji; chupa ya mililita 75 itakuvusha nakala hii na nyingine. Tapentaini nayo iwe safi. Ile thina ya rangi za magari ni kali, inayeyusha tabaka la chini lililokwisha kukauka, na ndani ya chumba itakuumiza kifua. Mafuta ya taa yatumie kuoshea brashi tu, kwenye rangi yanaacha uchafu usiokauka.

Na kabla mtu hajashauri vya jikoni: mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Ya ufuta, ambayo Lindi tunayo tele, hukauka nusunusu na kubaki yakinata. Mafuta ya ganda la korosho ndiyo kabisa, yanababua ngozi na ni meusi. Alizeti inafaa kusuuzia brashi kabla ya sabuni, basi.

msasa_laini (Mikindani)

Brashi_pana kamaliza ufundi wa kitambaa. Naongeza rangi na ngozi.

Tyubu saba: nyeupe ya titani, oka ya manjano, oksaidi nyekundu, amba ya kuchomwa na amba mbichi (kahawia mbili za udongo), ultramarini (bluu), nyeusi ya pembe. Majina ya kwenye tyubu hutofautiana kiwanda na kiwanda, kwa hiyo soma msimbo mdogo nyuma: PW6, PY43, PR101, PBr7 (amba zote mbili hutumia huo), PB29, PBk9. Ukikuta tyubu iliyoandikwa oka lakini ina misimbo mitatu, ni mchanganyiko wa bei rahisi, ukiugusisha na rangi nyingine unageuka tope. Nyeupe inunue kubwa kuliko zote. Nyekundu kali kwa ajili ya midomo iache kwanza, oksaidi pamoja na nyeupe kidogo inakutosha.

Jambo moja kuhusu nyeupe. Delacroix alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu na inapenyeza mwanga kidogo. Titani ilikuja karne ya 20, ina nguvu zaidi ya kufunika na ni baridi, yaani inaelekea bluu. Ukifuata mapishi ya vitabu vya zamani kwa titani, ngozi inatoka kama imepakwa chaki. Punguza nyeupe, ongeza oka.

Ngozi ya binti, vipimo kwa ujazo:

Mwanga: nyeupe 4, oka 2, oksaidi nusu. Oksaidi ina nguvu sana, iongeze kwa ncha ya kisu.
Kati ya mwanga na kivuli: chukua mchanganyiko huohuo, punguza nyeupe, tia nyeusi kidogo sana. Nyeusi ikikutana na oka inazaa kijani cha zeituni, na hicho ndicho kinachoifanya ngozi iwe hai pale uso unapogeuka kuingia kivulini.
Kivuli: amba ya kuchomwa 2, oksaidi 1, ultramarini kidogo. Nyeupe hapana. Nyeupe ikiingia kivulini kinakuwa kizito kama ukuta na mwanga wote unakufa.

Changanya vichungu hivi kwa kisu kabla ya kushika brashi, kila kimoja ukubwa wa punje mbili za korosho. Anayechanganya njiani kwa brashi hupata rangi tofauti kwenye kila shavu.

Brashi nne zinatosha: bapa namba 8 na 6, ya mviringo bapa namba 4, na nyembamba ya mviringo namba 2. Ngumu za asili ni singa za nguruwe. Asiyetaka kuzishika anunue sintetiki ngumu, kazi ni ileile.

Shingo na uso visiwe rangi moja. Uso una damu zaidi, hasa puani, mashavuni na masikioni. Shingo na kifua huelekea manjano na kijivu. Kwenye picha hii shingo imenyooshwa, na ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kwenda kwenye mtulinga ndio unaobeba kichwa. Ukiukosa, kichwa kinaelea.

mzee_wa_paleti (Mtwara)

Hamjambo vijana. Nawasoma, mnasema vizuri, ila mmeruka hatua mbili.

Kwanza, uchaguzi wa picha. Yatima wa Delacroix ana ugumu mwingi kwa mtu wa mara ya kwanza: uso ulioinuliwa, mdomo wazi, machozi, mkono uliolegea, halafu anga. Kwenye fremu ya sm 48 kichwa kinakuwa kidogo, na jicho linabaki kama kucha. Mimi ningempa mwanafunzi Géricault, Mfaransa mwingine wa zama hizohizo, ile picha yake ya Joseph, ya 1818 hadi 1819 hivi, iliyoko makumbusho ya Getty kule Los Angeles. Joseph alitoka Haiti, alikuwa akikaa mbele ya wachoraji huko Paris ili wamchore, na Géricault alimtumia kwa yule mtu wa juu kabisa anayepunga kitambaa kwenye picha yake "Chelezo cha Medusa" ya 1819. Picha ya Joseph ni sm 47 kwa 38.7 tu. Kwa hiyo fremu ileile ya 48 kwa 40 inakupa nakala karibu sawa na asili, na ukubwa wa brashi yako unalingana na wa kwake. Getty wanaruhusu kupakua picha yake kubwa bila malipo.

Sababu ya pili: ukishajifunza ngozi nyeusi kwa Joseph, utaitumia kesho kuchora mtu wa Ligula au Chikongola. Ngozi ya binti wa Paris utaitumia wapi?

Mchanganyiko wake haufanani na alioandika msasa_laini. Mwanga wa kati: oksaidi 1, oka 2, amba ya kuchomwa 2. Kivuli: amba ya kuchomwa 3, ultramarini 1, oksaidi kidogo. Mng'ao wa paji la uso na shavu ndipo wengi wanapoharibu: wanachukua kahawia na kutia nyeupe, ngozi inapauka kama ina majivu. Chukua oka 2, nyeupe 1 na ultramarini ya ncha ya kisu. Mng'ao kwenye ngozi nyeusi ni mdogo, mkali na wa baridi kuliko ngozi inayouzunguka, kwa kuwa ni mwanga wa dirisha unaorudi, siyo rangi ya ngozi yenyewe. Uweke mwisho, mguso mmoja, usiusugue.

Hatua ya pili mliyoruka ni tabaka la chini. Huyu kijana katoka kwenye mkaa, mkaa ni mwanga na kivuli. Basi aendelee na anachokijua. Kitambaa kikishakauka, sugua amba ya kuchomwa iliyolainishwa kwa tapentaini, pangusa kwa tambara mpaka ibaki kahawia ya kati. Acha siku moja au mbili. Chora miraba na sura kwa mkaa, pitisha mistari kwa amba nyembamba, halafu pangusa mkaa, la sivyo utachafua rangi za mwanga. Sasa jenga picha nzima kwa amba mbichi na nyeupe pekee, toni tano, kutoka kivuli kizito hadi mwanga. Hapo usiguse rangi nyingine. Amba ina manganizi ndani yake, hukauka haraka, ndiyo maana inafaa kuwa chini.

Ukimaliza, piga picha kwa simu, igeuze kuwa nyeusi na nyeupe, na ile ya asili uifanye hivyohivyo, zilaze pamoja. Makosa yote ya toni yatajitokeza. Ukizigeuza zote mbili juu chini, utaona na makosa ya umbo. Ukiingia kwenye rangi kabla toni hazijakaa, utatumia mwezi mzima ukibadilisha wekundu wa shavu wakati tatizo ni kwamba kivuli cha pua kina mwanga mno.

brashi_pana (Lindi)

Mzee, shikamoo. Kwa Joseph nakubali. Kwa miraba tu niongeze: kwenye kichwa ziongeze mistari ya mshazari, pembe kwa pembe. Mraba wa sm 4 ni mpana kwa jicho.

Ila sikubaliani na kuacha picha aliyoipenda. Mtu huvumilia wiki sita za kazi kwa picha anayoitaka. Akitaka yatima, akate kichwa na bega tu, aache mkono na makaburi. Kwenye printi pima kisanduku chenye uwiano wa 1.2, mfano sm 12 kwa 10, kinachotosha kichwa, shingo na bega, kisha akikuze mara nne kwenye fremu yake ileile. Miraba ya sm 1 kwenye printi, sm 4 kwenye kitambaa. Kwa hiyo atoe printi ya pili ya kipande hicho peke yake, kubwa, ya kutazama.

mzee_wa_paleti (Mtwara)

Marahaba. Kichwa na bega, hapo tumekutana.

rula_na_mkaa (Mtwara mjini)

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeamua Joseph kwanza, kisha kichwa cha yatima. Yamebaki mawili: kukauka, na mwanga wa chumba. Vitabu vinasema dirisha la kaskazini. Langu linatazama kusini.

Pia macho ya yatima, kwa baadaye: nikiyachora kwa mkaa yanakuwa kama mtu aliyeogopa. Kwa nini?

msasa_laini (Mikindani)

Dirisha la kusini ndilo unalolitaka. Vitabu hivyo viliandikwa Ulaya, ambako jua halipiti kaskazini. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu tarehe 20 Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini yetu, kwa hiyo dirisha la kusini linapata mwanga wa anga tu, uliotulia. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari jua linahamia kusini kidogo, hapo tundika kitambaa cheupe chepesi dirishani. Kanvasi na paleti viwe kwenye mwanga uleule. Paleti ikiwa gizani utachanganya rangi angavu mno.

Simu ya kutazamia picha izime ile hali ya usiku inayogeuza skrini kuwa ya manjano, na mwangaza wake uuweke mahali pamoja uuache hapo. Printi tumia kwa mchoro, skrini kwa rangi. Na chukua faili kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Picha moja hii ukiitafuta ovyo utapata moja ya bluu na nyingine ya chungwa.

Macho. Jicho likitazama juu, weupe huonekana chini ya mboni. Wengi huupaka nyeupe tupu, ndipo sura inapotishika. Weupe wa jicho ni sehemu ya tufe lililo ndani ya tundu, na kope la juu linalitupia kivuli. Changanya nyeupe, amba mbichi na nyeusi kidogo mpaka ipatikane kijivu iliyokolea kuliko mwanga wa paji la uso. Ukiiona kwenye paleti utadhani ni chafu, ila ukiiweka mahali pake itasomeka nyeupe. Mboni isiwe duara kamili: kope la juu liikate kidogo. Ukingo wa kope la chini una unene, na unene huo unashika mwanga, mstari mwembamba usiozunguka jicho zima. Chozi usilizungushie mstari. Ni ngozi iliyokolea kidogo na mguso mmoja wa nyeupe nzito upande mwanga unakotokea.

Mdomo vivyo hivyo. Mstari kati ya midomo si mweusi, ni amba na oksaidi, mzito katikati na unaofifia kwenye pembe. Pembe za mdomo zikiwa kali, anacheka.

mzee_wa_paleti (Mtwara)

Kukauka nijibu mimi.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Maji hayahusiki. Mafuta ya kitani yanavuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Joto linaharakisha, unyevu unachelewesha, giza linayafanya manjano. Sisi tunalo joto na unyevu pamoja, kwa hiyo kiangazi, Juni hadi Oktoba, kazi inakwenda vizuri, na kuanzia Desemba hadi Aprili kila tabaka lipe muda zaidi. Kwa makadirio: tabaka jembamba la amba siku moja hadi mbili, lenye nyeupe siku nne hadi saba, nyeusi ya pembe wiki na zaidi. Usihesabu siku, bonyeza kwa kidole pembeni penye rangi nene. Ikinata, ngoja.

Usiitoe picha nje juani saa sita ukidhani unaharakisha. Uso unakauka kabla ya tumbo, rangi inajikunja kama ngozi ya maziwa. Kivuli chenye upepo ndicho kizuri. Juu yake weka chandarua cha zamani kilichoinuliwa kwa vijiti, hewa ipite, mbu na vumbi wasinate. Kitambaa kisiegemee ukuta moja kwa moja, acha nafasi ya sm 2, la sivyo mgongo utaota ukungu.

Sheria ya tabaka: lenye mafuta kidogo chini, lenye mafuta mengi juu. La kwanza tapentaini tupu. La pili tapentaini 3, kitani 1. La tatu nusu kwa nusu. Ukigeuza, tabaka la juu linakauka gumu wakati la chini bado linajongea, na picha inapasuka. Wachoraji wengi wa zama hizo walitumia rangi ya lami, ambayo haikauki sawasawa. Ndiyo sababu picha zao kadhaa zimejaa nyufa na weusi. Kwa hiyo unapomnakili Géricault usinakili kila giza unaloliona. Sehemu ya giza hilo ni uzee. Jenga kivuli kwa amba na ultramarini, nyeusi iache kwa mboni na tundu la pua.

Yakitokea mabaka yaliyofifia kati ya tabaka na tabaka, kitani 1 kwa tapentaini 1, sugua kiasi kidogo kwa kitambaa, kisha pangusa karibu yote. Rangi inarudi ilivyokuwa ikiwa mbichi na unaweza kulinganisha unapoendelea.

Na hili lisome mara mbili. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa yanajipasha moto yenyewe na kuwaka, bila kiberiti. Kwenye joto letu ni rahisi zaidi. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Usiyatupe kwenye kikapu chini ya meza, na usiyaweke kwenye mfuko wa plastiki.

msasa_laini (Mikindani)

Nyongeza ndogo: kuna wanaotia tone la mafuta ya karafuu kwenye paleti ili rangi isikauke haraka. Ni kweli yanachelewesha, ila ni ushauri wa nchi zenye hewa kavu. Hapa pwani utangoja mpaka uchoke.

rula_na_mkaa (Mtwara mjini)

Nimeelewa. La mwisho: vanishi lini, na nikimaliza naruhusiwa kuitundika au kuiuza?

brashi_pana (Lindi)

Vanishi ngoja miezi sita, rangi ikiwa nene zaidi ya hapo. Ukiipaka mapema inashikana na rangi, na siku ukitaka kuitoa ikishageuka manjano utatoa na uso wa Joseph. Paka siku kavu, asubuhi, kanvasi ikiwa imelala. Siku ya mvua vanishi inavuta unyevu na kupata ukungu mweupe.

Kuhusu haki: Géricault alifariki 1824, Delacroix 1863, kazi zao ni za umma. Kunakili si aibu, wote wawili walinakili kazi za wakubwa wao Louvre, Delacroix hasa Rubens. Ila usiitie sahihi yao. Kwa nyuma, kwenye mbao ya fremu, andika kwa wino usiofutika "nakala ya Géricault", jina lako na mwaka. Louvre wenyewe humtaka anayenakili ndani ya kumbi zao atumie kipimo tofauti na cha asili, na wewe ukiwa karibu sawa na asili basi maandishi ya nyuma ndiyo yatakayokulinda siku mnunuzi akiuliza. Usiandike kwenye kitambaa chenyewe, wino ukipenya utatokea mbele.